Upatu wa Majina

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Jumatatu, 4 Machi 2024

Mpendwa Mama Mdogo,

Ule msonyo wako haujanitoka sikioni. Haukuwa msonyo wa kukata, ule unaowapa wauza ndizi wakikupandishia bei. Ulikuwa mrefu, wa taratibu, kama doti ya khanga inapochanwa katikati, kisha simu ikakatika. Tangu Ijumaa nausikia nikipanda ngazi za ofisini, nausikia nikipiga mswaki. Najaribu kuufasiri siwezi, ndiyo maana naandika.

Shikamoo. Bibi mfikishie shikamoo yake kabla ya maneno mengine yote, na umwambie nimeulizia mguu. Je, uvimbe umepungua tangu ufike? Huku hatujambo. Joto limetuchosha, umeme unakuja na kuondoka. Mama Kuruthumu mwenye nyumba anakusalimu, na kina mama wa mchezo wanauliza watachezaje upatu wakati wewe, kijumbe wao mshika fedha, uko Masasi. Nikamwambia Mama Kuruthumu wangoje urudi. "Wangoje?" akasema. "Upatu haungoji, mwanangu. Upatu ni kama mimba." Tumecheka mpaka tukakaa chini kwenye ngazi.

Sasa niseme nilichokusudia kusema kwenye simu. Faili lako limewekwa mezani kwangu.

Kazi yetu pale ofisi ya tathmini, Posta, unaijua. Mtafiti akiomba kupandishwa cheo, sisi ndio tunaompima: ana makala ngapi, ziko kwenye majarida gani, wenzake wamezinukuu mara ngapi. Kuna na kile kipimo cha herufi h, ambacho nimekueleza mara nyingi na kila mara umeniuliza ni nani alikitunga na kama ana shamba. Mtu mwenye makala kumi, kila moja imenukuliwa mara kumi au zaidi, kipimo chake ni kumi. Ndivyo mtu anavyogeuka namba. Mkuu wetu, Bwana Yasser, aliliweka faili mbele yangu akauliza, "Leticia, huyu Dokta Benedikta wa vinasaba vya muhogo unamfahamu?"

Nikasema, "Namfahamu kwa jina."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Majina yetu ya mwisho hayafanani, na pale ofisini hakuna aliyewahi kuniuliza nilelewa na nani. Maneno yalitoka, nikayaona yamesimama pale kati yetu, nikashindwa kuyarudisha.

Nilipokupigia nilikuwa na swali moja tu, lile la makala ya nyanya. Wewe na nyanya wapi na wapi? Tangu Mama alipofariki ukanichukua, sijakusikia ukilitaja neno hilo isipokuwa jikoni. Nikauliza, "Mama Mdogo, hii ya nyanya uliiandika lini?" Ukasonya.

Sote tunajua maana ya faili hili. Desemba unatimiza sitini. Ukiwa Mtafiti Mkuu unaongezewa miaka mitano, na maabara yako inabaki, na mihogo yako kwenye friji inabaki. Usipokuwa, unakabidhi funguo. Sitaki kukosea, ndiyo sababu ya kuuliza.

Barua hii nampa utingo wa basi la Masasi aiache dukani kwa Isidori.

Mwanao,
Leticia


Chikundi, Masasi
Jumapili, 17 Machi 2024

Leti mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata ikiwa na doa la mafuta. Isidori aliitumia kufunika maandazi, kasema ndiyo bahasha safi aliyokuwa nayo dukani.

Bibi yako hajambo kwa namna ya wazee: akila analalamika, asipokula analalamika zaidi. Mguu umepungua kidogo. Kila anayekuja kumjulia hali anaambiwa kwamba mwanawe mwaka huu anakuwa profesa. Nimemwambia, "Mama, si profesa, ni Mtafiti Mkuu." Akasema, "Mkuu ni mkuu." Jana kamwambia padri mbele yangu. Padri kanipa mkono wa pongezi, na mimi nikaupokea, ningefanyaje.

Ndiyo maana simu zako za mambo ya kazi sitazipokea. Nalala chumba kimoja na Mama. Macho yamemwishia lakini masikio anayo yote mawili. Andika. Barua haina sauti.

Mvua imenyesha vizuri. Shamba la Bibi lina mihogo yenye ugonjwa wa batobato upande wa barabarani, majani yamejikunja kama mikono ya mtoto mchanga. Ile mbegu niliyomletea mimi imesimama nzima. Nimekwenda kuiangalia asubuhi na jioni kama mwenda wazimu.

Kuhusu faili, hesabu. Ndiyo kazi waliyokuajiri. Kila chenye jina langu ni changu. Nyanya ni mmea, muhogo ni mmea, vyote vina virusi na vyote vina vinasaba. Usinifundishe kazi yangu.

Na ulivyomjibu Yasser ulijibu vizuri. Ukisema una undugu na mimi watampa mtu mwingine, na pale kwenu hakuna mwingine anayejua kutofautisha muhogo na kiazi kitamu.

Waambie kina mama wa mchezo zamu ya mwezi huu ni ya mama Arwa wa duka la udi. Wasigombane.

Mama yako mdogo,
B.


Kariakoo
Ijumaa, 19 Aprili 2024

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo, na Bibi pia. Masika yametukaba. Bonde la Msimbazi limejaa, watu wa mabondeni wamehama tena, na maji yameingia mpaka ghala la chini la jirani yetu. Kutwa nzima wanaanika mabunda ya vitambaa kwenye ngazi zetu, nyumba yote inanuka nguo mbichi. Idi ilipita vizuri. Mama Kuruthumu kaniletea pilau sahani mbili, moja yangu na moja ya kwako, akaniambia niile kwa niaba.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ulijibu yote isipokuwa nililouliza.

Mkesha wa Idi nilikutana na Dokta Khalfani wa maabara yenu, Mtaa wa Kongo, anawachagulia wanawe viatu. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Aa, Leti, shikamoo mbele ya wauza viatu? Wakinijua mtu mzima wananipandishia bei." Akacheka kama kawaida yake. "Kijumbe wetu hajambo? Mwambie mwezi wa sita zamu yake, asikimbilie kijijini kukwepa."

Nikadhani anasema upatu wa kina mama. Nikauliza, "Na wewe Dokta unacheza mchezo wa kina mama?"

"Wa kina mama wapi! Mchezo wetu sisi, wa makala. Hajakwambia?" Akajipimia kiatu cha mtoto kiganjani huku anaongea, wala hakushusha sauti. "Tuko watano. Kila mmoja akiandika makala anaweka majina ya wote. Unaandika moja, unavuna tano. Na kila makala inazinukuu zilizotangulia, basi na ile h yenu inapanda. Mwaka wa tatu huu. Nani kabuni? Mama yako mdogo mwenyewe! Alisema wanawake wa Kariakoo wamejenga nyumba kwa upatu, sisi na shahada zetu tunashindwa nini?"

Nikamwambia, "Dokta, mimi niko ofisi ya tathmini."

"Najua, si ndiyo maana nakwambia. Mnataka nyingi, tunawapa nyingi. Kosa la nani?"

Niliondoka nimeshika mfuko wa vitunguu ambao sikukumbuka nimeununua wapi.

Mama Mdogo, nimehesabu. Kiwango ni makala kumi na nane. Zako, zile za muhogo ambazo nilikuona ukiziandika kwenye meza hii ninayoandikia, ni kumi na tatu. Za mchezo ni sita. Pamoja nazo unavuka kwa moja. Bila hizo huvuki.

Nikatafuta njia nyingine. Nimekuta umeshukuriwa mwishoni mwa makala za watu wengi sana, wa Kenya, wa Msumbiji, wa Malawi, kwa kuwapa mbegu, kwa kuwapimia sampuli, kwa kuwafundisha vijana wao. Umeshukuriwa mara nyingi kuliko ulivyonukuliwa. Nikampelekea Bwana Yasser swali bila kutaja jina. "Je, mtu akishukuriwa tu?"

"Shukrani haina mahali pa kuijaza," akasema. "Shukrani peleka harusini, Leticia."

Niambie nifanye nini. Au usiniambie nifanye nini, niambie tu ukweli ulivyo. Nitakaa nao.

Leticia


Chikundi
Jumatano, 1 Mei 2024

Leti,

Marahaba. Bibi anakohoa. Mkunga mstaafu, Fortunata, anakuja kila siku kumpima presha na kula chakula chetu, na wote wawili wananiona mimi mgeni. Leo wamebishana asubuhi nzima kuhusu mwaka wa njaa ambao kila mmoja anautaja wake.

Khalfani ana mdomo. Tangu zamani ana mdomo.

Unataka ukweli. Makala yangu ya ugonjwa wa michirizi ya kahawia ilinichukua miaka tisa. Unapanda muhogo, unangoja uote, unangoja uugue, unangoja kuuchimba ndipo ujue ndani umeoza au haujaoza, maana juu majani yanaweza kuwa mazuri kabisa na chini hamna kitu. Halafu unapanda tena, ili uwe na hakika. Umeme unakatika, friji linayeyuka, unaanza upya. Wewe ulikuwa darasa la tatu nilipoanza, na ilipotoka ulikuwa unavaa sare za kidato cha tano. Makala moja, Leti. Kwenye hesabu zako ni moja, na ya mtu aliyekaa wiki mbili na kompyuta ni moja.

Mkulima wa Nachingwea anayepanda ile mbegu hajui kunukuu. Anapanda, anakula, anampa shemeji yake. Hilo nalo lina mahali pa kulijaza? Mwulize Yasser.

Huko Ulaya kuna maabara ya watu arobaini, na jina la mkubwa wao linakaa kwenye kila karatasi inayotoka mlangoni, hata ile aliyoisoma akiwa ndani ya ndege, na hata ile ambayo hakuisoma. Hakuna anayemwandikia barua. Sisi watano tumejibana kwenye kijichumba kimoja chenye feni moja, tumeshikana mikono, basi imekuwa dhambi.

Mimi nilikulea. Sikukulea unihesabu.

Sisemi zaidi. Waandikie kumi na tisa.

B.

20 Mei. Barua hii imelala dukani kwa Isidori kwa sababu daraja la Somanga lilichukuliwa na maji na mabasi hayapiti. Nilikuwa na nafasi ya kuifungua na kubadilisha maneno. Sikubadilisha.


Kariakoo
Alhamisi, 27 Juni 2024

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Mwambie Bibi namwombea, na kwamba dawa ya kifua aliyoagiza nimeifunga pamoja na barua hii, vijiko viwili asubuhi na viwili jioni, asizidishe kwa kuwa tamu.

Wiki hii Kariakoo si Kariakoo. Tangu Jumatatu maduka yamefungwa, wafanyabiashara wamegoma. Hakuna spika zinazonadi, hakuna mikokoteni, hakuna "dada njoo uone." Nimegundua sijui kukaa humu ndani bila kelele za chini. Nasikia mawazo yangu yote, hata yale ambayo huwa yananipita.

Labda ndiyo sababu nilifanya jambo ambalo kazi yetu haihitaji. Nilifungua makala.

Pengine hujui kwamba sisi hatufungui. Tunaangalia jina la jarida, mwaka, majina ya waandishi, idadi ya kunukuliwa, basi. Ndani hatuingii, hakuna muda na hakuna anayetutuma. Nimepima watafiti wa taasisi nzima na sijawahi kusoma ukurasa wa pili wa mtu yeyote. Nilikuwa najua hivyo siku zote lakini sikuwahi kujisikia vibaya mpaka wiki hii.

Niliisoma ile ya nyanya. Aliyeiandika ni Khalfani, wewe ni wa tatu. Kwenye ukurasa wa sita kuna picha ya jeli, ile mistari ya kipimo cha virusi.

Mama Mdogo, picha ile naijua. Iko ukutani kwetu, juu ya redio. Ni ile jeli yako ya muhogo wa Mkuranga, uliyoichapisha ukubwa wa kalenda siku makala yako ya kwanza ilipokubaliwa. Nikiwa mdogo ulinisimamisha mbele yake ukanifundisha kuisoma. "Mstari ukionekana, mmea unaumwa. Usipoonekana, mzima." Mstari wa nne umepinda kwenda juu, kwa sababu umeme ulikatika na kurudi wakati sampuli zinatembea ndani ya jeli. Nilikuwa nakuambia mstari ule una kibiongo.

Kwenye makala ya nyanya picha imepinduliwa, kushoto kumekuwa kulia, imefifishwa kidogo, na majina ya sampuli yamebadilishwa. Kibiongo kipo. Nilibandua picha ya ukutani, nikaiweka mbele ya kioo, nikashika kompyuta pembeni yake. Nilisimama hapo mpaka mikono ikafa ganzi.

Hizo nyanya hazikupimwa. Huenda hazikuwahi kupandwa.

Nina swali moja, na safari hii nakuomba kwa magoti: ulijua? Kama hukujua, basi Khalfani amekuibia kazi yako akabandika na jina lako juu yake, na tukisema mapema mimi na wewe, utakuwa mtu aliyeibiwa. Nitakusaidia kuandika. Nitapanda basi nije tuandike pamoja. Kamati ya vyeo inakaa Oktoba, muda upo.

Kama ulijua, sijui la kusema. Nimeandika sentensi hii mara kadhaa na kila mara inaishia hapo.

Picha nimeirudisha ukutani.

Leticia


Kariakoo
Jumanne, 30 Julai 2024

Mama Mdogo,

Shikamoo. Utingo anasema barua ya mwezi uliopita aliikabidhi mkononi kwa Isidori, na Isidori kathibitisha kwa simu kwamba uliichukua mwenyewe pamoja na dawa. Kwa hiyo unayo.

Bwana Yasser ameanza kuulizia. "Huyu mama wa muhogo vipi, mbona faili lake limeota mizizi mezani kwako?" Nimemwambia nahakiki. "Unahakiki nini? Kuhesabu ni kuhesabu." Nikamwambia anipe muda. Kaniangalia. Huwa hanitazami hivyo.

Usiku sipati usingizi vizuri lakini nakula. Niandikie hata mstari mmoja.

Leticia


Chikundi
Jumapili, 11 Agosti 2024

Leti mwanangu,

Marahaba. Dawa imemfaa Bibi, isipokuwa aliimaliza kwa siku nne. Sasa anakaa nje asubuhi na anamwita kila mpita njia. Korosho zimeanza kutoa maua, wadudu wapo lakini si wengi. Kwenye basi hili nimekutumia makopa ya muhogo debe moja na karanga. Makopa yaanike juani kabla ya kusaga, yalipata unyevu.

Fortunata amemaliza kunisuka, anasema nimeota mvi za ghafla. Nimemwambia ni vumbi.

Ile picha ya ukutani iondoe. Karatasi imezeeka na inapendezesha nini? Weka pale kalenda ya parokia.

Bibi anataka kujua sherehe ya ukuu itafanyika huku au huko Dar, ili aanze kufuga kuku.

B.


Kariakoo
Alhamisi, 19 Septemba 2024

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Makopa yamefika, niliyaanika juu ya paa kwa Mama Kuruthumu, yamesagwa, ugali wake tumekula nyumba nzima. Karanga nimempelekea mama Arwa, amejifungua mtoto wa kike. Zamu yake ya mchezo ilimfikia kabla ya uchungu, anakushukuru sana. Nimefurahi kusikia Bibi anakaa nje.

Barua yako ya Agosti niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ofisi ya mabasi. Nilitafuta jibu kwenye korosho, nikalitafuta kwenye mvi. Nilipofika kwenye picha nikaelewa kwamba ndilo hilo. Sikulia pale. Nililia nyumbani, tena si sana. Nilikuwa nimekwisha kulia tangu Juni, ila nilikuwa sijajua nalia nini.

Sitaki kukuhukumu. Nimejaribu na kila nikianza nakuona umekaa kwenye meza hii na taa ya mafuta, umeme umekatika, unaandika majina ya mashamba kwenye vijichupa, na mimi nakushikia taa. Miaka tisa ile niliiona. Nani mwingine aliiona? Nikikaa na hilo nasema: wakupe hicho cheo, hata kama ni kwa nyanya za uongo, maana mihogo ilikuwa ya kweli. Nimekaa na wazo hilo wiki nzima. Ni wazo zuri, na nililipenda kwa sababu lilikuwa linanipeleka nilikotaka kwenda.

Lakini kuna kijana mmoja Morogoro ameinukuu ile makala. Nimeona jina lake kwenye mtandao, mwanafunzi wa shahada ya pili. Anapima nyanya kwa njia iliyoandikwa mle, na anaandika kwamba haimpi majibu, na anadhani kosa ni lake. Anaandika hivyo kabisa: huenda ni upungufu wa uzoefu wa mtafiti. Ulinifundisha mwenyewe kwamba muhogo unaooza chini mkulima hujilaumu kwanza.

Niliibandua picha kama ulivyosema. Niliikunja, nikaipeleka ofisini Posta.

Bwana Yasser alikuwa anakunywa chai. Nikaitandika juu ya meza yake, nikaweka na ile ya nyanya kando, nikamwonyesha mstari wa nne. Aliinama muda mrefu. Kisha nikamwambia wewe ni mama yangu mdogo, ndiye aliyenilea, na kwamba mwezi wa tatu nilimdanganya.

"Mbona hukusema Machi?" akauliza. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Nikasema nilikuwa natumaini.

"Leticia," akasema, "ungeniletea kumi na tisa, ningesaini. Nisingefungua hata moja. Unajua hilo?"

"Najua."

"Haya." Akasogeza kikombe pembeni ili chai isiimwagikie picha yako. "Huyu mama wa muhogo nilimsikia akihutubia zamani, mimi bado kijana. Nilidhani alikwisha kuwa Mkuu miaka mingi." Akaifuata mistari kwa kidole. "Kumbe tulikuwa hatujamhesabu."

Nilichoandika kwenye taarifa ni makala kumi na tatu. Zile sita zimepelekwa kwenye kamati ya maadili, zote, pamoja na majina yote matano. Nilimwomba Bwana Yasser aandike kwamba picha ni yako ya asili, ameandika. Nilimwomba aandike kwamba hukujua. Akaniuliza kama nina uhakika, na pale pamebaki wazi. Jina lako limetolewa kwenye orodha ya Oktoba. Mimi nimeondolewa kwenye tathmini, nahamishiwa maktaba kuanzia mwezi ujao. Khalfani alinipigia. Alisema tu, "Leti, wewe ni mtoto wetu," akakata.

Bibi sijui utamwambia nini. Nimewaza neno la kukusaidia nimekosa. Kuku wakikua wapelekee watu wa kwaya.

Nimempigia yule kijana wa Morogoro na kumwambia kosa si lake. Alinishukuru mara nyingi mno, nikaona aibu.

Haya yote nimeyafanya Jumanne, saa nne asubuhi, na leo ni Alhamisi ndipo nakuandikia. Sikukuandikia kwanza kwa sababu ungenikataza, na ungenikataza, ningekutii.

Mwanao,
Leticia